Kazi ya Branula Huanza Damu Ikishaonekana

Wanafunzi wanaoletwa kwetu wodi ya watoto hapa Kisumu hupimana ustadi kwa jambo moja tu, nani ameingiza branula, yaani kimpira chembamba cha plastiki kinachoingizwa kwa sindano na kuachwa mshipani ili kupitishia maji na dawa, kwa mdungo wa kwanza. Hata mimi nilikuwa hivyo. Hata hivyo, madhara mengi niliyoyashuhudia tangu nianze kazi hayakutokana na sindano iliyokosa mshipa, bali na branula iliyoingia vizuri kisha ikasahaulika.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimwekea maji mtoto aliyelazwa kwa malaria kali. Kwa kuwa alirusharusha mikono, nilimfunga ubao wa katoni na bandeji kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko, nikajipongeza kwamba haitang'oka. Usiku mamake aliniita: "Sista, analia nikimgusa mkono huu." Nilitazama chupa, nikaona matone yanashuka, nikamwambia asiwe na wasiwasi. Alfajiri nilipofungua bandeji nilikuta mkono umevimba, ngozi inang'aa na ni baridi, maji yote yakiwa yameingia nyamani. Bahati yetu ilikuwa kwamba chupani hamkuwa na dawa inayounguza; uvimbe ulipungua bila kuacha kidonda. Matone kushuka si ushahidi kwamba branula ingali ndani ya mshipa. Kwa hiyo acha vidole wazi, acha pale ilipoingilia paonekane, linganisha mkono huo na mwenzake kwa macho na kwa kiganja, na mzazi akilalamika, fungua bandeji kabla ya kumjibu.

Kuhusu kuchagua mshipa, anza chini, mgongoni mwa kiganja au kwenye kigasha, ili ukikosa ubaki na nafasi ya kupanda juu. Epuka viungo vinavyokunjwa, mkono wenye kidonda au uvimbe, mkono uliopooza na mkono ulioandaliwa kwa ajili ya kusafisha damu kwa mashine. Ukihisi mshipa unadunda chini ya kidole, huo ni ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, uache. Rangi za branula utazizoea upesi: ya kijani, geji 18 (geji ni kipimo cha unene, na namba ndogo ni branula nene), na ya kijivu, geji 16, ni za mtu mzima anayehitaji maji mengi kwa haraka, kama mama anayevuja damu baada ya kujifungua; ya waridi, geji 20, hutosha wagonjwa wengi; ya buluu na ya manjano, geji 22 na 24, ndizo za watoto. Katika maeneo haya ya ziwa tunawapokea watoto wengi wenye selimundu, ambao mishipa yao imedungwa tangu wakiwa wachanga. Kwa hao usiwe na haraka: pasha mkono joto kwa kitambaa vuguvugu, na ukikosa mara mbili mwite mwenzako, kwa maana mdungo wa tatu mara nyingi ni wa kutetea heshima yako.

Nawa mikono, vaa glavu, funga mkanda sentimita 10 hivi juu ya mahali unapolenga, paka spiriti kisha usubiri ikauke yenyewe bila kupuliza wala kupagusa tena kwa kidole. Vuta ngozi iwe imara, ingia kwa mlalo, na damu ikionekana kwenye kijichumba cha nyuma ya sindano shusha mkono wako zaidi, sogeza mbele kidogo sana, kisha shikilia sindano huku ukitelezesha plastiki peke yake. Usirudishe kamwe sindano ndani ya plastiki uliyokwisha kuisogeza, kwa sababu inaweza kuikata na kipande kikaenda na damu. Fungua mkanda kabla ya kusukuma chochote. (Ukitumia glavu badala ya mkanda, acha mkia wake uonekane, nimewahi kuikuta imejificha chini ya mkono wa sweta.) Sindano iende moja kwa moja kwenye kisanduku cha usalama bila kufunikwa tena. Ukijichoma, osha kwa maji na sabuni na uripoti papo hapo, kwa sababu dawa za kuzuia VVU hazina budi kuanza ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi.

Branula isiyo na maji yanayotiririka huziba. Mtoto wa malaria hupewa atesuneti, dawa ya malaria ya kudungwa, anapopokelewa, kisha baada ya saa 12 na saa 24, na katikati ya dozi hizo ndipo damu huganda ndani ya plastiki. Isafishe kwa salini, yaani maji safi ya chumvi ya hospitali, kabla na baada ya kila dawa, ikigoma usiilazimishe. Hesabu matone kwa saa yako: mililita 500 kwa saa 4, kwa mpira wa matone 20 kwa mililita, ni karibu matone 42 kwa dakika, na uhesabu upya kila mgonjwa anapogeuka. Potasiamu isisukumwe moja kwa moja mshipani hata kidogo, husimamisha moyo.

Andika tarehe na saa kwenye plasta na katika faili. Pakiwa pekundu, pana joto au panauma, toa. Isipohitajika tena, toa siku hiyohiyo, bana kwa pamba kavu dakika mbili au tatu, halafu tazama kama ncha ya plastiki imetoka nzima.