"Anazama", "amezama" au "amezamia"?

Swali: Huandika taarifa za mashindano ya klabu yetu ya upinde na mshale hapa Nairobi. Vijana wakilenga vizuri husema, "Nilikuwa kwa zoni," yaani akili yote ilikuwa mchezoni. Kwa Kiswahili sanifu, niseme mlengaji anazama mchezoni, amezama, au amezamia? Mwenzangu amependekeza pia "ubongo wake ulizimika". Sentensi yangu ya mwisho ilikuwa: "Alilenga katikati ya shabaha na kushinda." – Msomaji, South B

Jibu: Andika "amezama". Kitenzi hiki tayari kina maana ya kushughulika na jambo hadi mtu akasahau mengine, kama tunavyosema fulani amezama katika kusoma au amezama mawazoni. Kinachowakosesha wengi ni kiambishi. Kiambishi -me- kikitangulia kitenzi cha hali, kama katika "amelala" au "amechoka", huonyesha hali ambayo mtu amekwisha kuiingia na angali ndani yake, ilhali -na- huonyesha jambo linaloendelea kutokea. Kwa hiyo "mlengaji wetu anazama" ni taarifa ya kuwaita waokoaji. Ukisimulia ya jana, sema "alikuwa amezama". Maneno ya vijana yaweke ndani ya alama za kunukuu unapowanukuu.

"Amezamia" lina mzigo wake. Anayezamia lulu hujitosa kwa kusudi, na anayezamia meli husafiri kwa kujificha bila kulipa nauli. Msomaji akikuta kwamba kijana wenu "alizamia mashindano", anaweza kudhani aliingia bila kusajiliwa. Kuhusu nomino, "uzamivu" ungefaa sana kama vyuo vikuu havingeuwahi kwa shahada yao ya juu kabisa. Baki na "hali ya kuzama". Utakutana pia na "mtiririko", kufuatia kazi ya mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi, ambaye baadhi ya watu aliowahoji walimweleza hali hiyo kama kuchukuliwa na mkondo wa maji. Katika makala ya saikolojia ni neno zuri, mradi ulifafanue mapema, lakini katika taarifa ya michezo litasomeka kama mwenendo wa mchezo wenyewe.

"Ubongo wake ulizimika" likatae, kwa sababu ya lugha na ya ukweli pia. Kinachozimika ni taa au moto, na hakibakizi kitu. Mwaka 1984, Bradley Hatfield na wenzake nchini Marekani walichapisha uchunguzi wa walengaji stadi wa bunduki waliopimwa umeme wa ubongo kwa elektrodi zilizobandikwa kichwani. Katika sekunde chache kabla ya kufyatua, mawimbi ya alfa, yaani yale ya takriban mizunguko 8 hadi 13 kwa sekunde, yaliongezeka upande wa kushoto, kwenye eneo la ubongo lililo karibu na sikio, ambalo huhusishwa na lugha. Ongezeko la mawimbi hayo kwa kawaida huchukuliwa kuwa dalili kwamba eneo husika limepunguza shughuli, na ufafanuzi uliozoeleka ni kwamba mlengaji stadi huacha kujisemesha moyoni wakati macho na mikono ikiendelea na kazi.

Kitenzi cha hapo ni "kutulia", tena kwa sehemu: "baadhi ya maeneo ya ubongo hutulia", kwa hu- ya mazoea, kwa kuwa unaeleza matokeo ya jumla. Usiandike "ubongo wake ulitulia" juu ya mlengaji ambaye hakupimwa. Wala usifanye kutulia kwa ubongo na kuzama kuwa visawe, kwa maana la kwanza husomwa kwenye mashine na la pili mtu hulijua kwa kujihisi mwenyewe.

Sentensi yako ya mwisho nayo ina pengo. Kulenga ni kuelekeza tu. Aliyelenga anaweza kukosa. Mshale ukipata, mlengaji amefuma. Ningeandika: "Alikuwa amezama katika ulengaji, na kwa mshale wa mwisho akaifuma shabaha katikati."