Futari ya muhogo, majimbi na nyama: kila mzizi una saa yake

Mwaka ule mama alikuwa Dar es Salaam kwa matibabu, na Ramadhani ikatukuta Wete, Pemba, sisi na baba tu. Mie ndiye binti mkubwa, nilikuwa na miaka 19, jiko likawa langu. Siku ya tatu nikapika futari ya nyama: muhogo, majimbi, ndizi mbichi na mbatata. Vyote nikavitia sufuriani kwa pamoja, nikamimina tui lote juu, nikafunika. Adhana ilipolia nikapakua. Mbatata zilikuwa zimevurugika, tui limekatika, mafuta yanaelea juu na maji yamebaki chini. Baba alikula vipande viwili vya jimbi, akaweka kijiko taratibu, akaomba maji. Akanywa, akakohoa, akashika koo. Hakusema neno. Alimalizia kwa tende.

Kesho yake shangazi alikuja baada ya Adhuhuri, akakaa kitako juu ya mbuzi ya nazi, akaniambia: "Leo wewe menya na uchochee moto. Mie nitakwambia lini." Tangu siku hiyo nimepika chakula hiki mara nyingi sana, na kila nikiona futari ya mtu imeharibika, kasoro huikuta kwenye hiyo "lini".

Nyama ndiyo inayotangulia. Usinunue nyama tupu. Taka yenye mfupa, kidari au mbavu. Kilo moja inawatosha watu sita, kwa kuwa mizizi ndiyo inayoshibisha. Mie huibandika saa nane mchana katika maji ya baridi, na tangawizi na thomu (kitunguu saumu) iliyotwangwa, chumvi kidogo tu. Povu la mwanzo liengue kwa upawa mpaka maji yatulie. Kisha punguza moto uiache kama saa moja na nusu, hata nyama ianze kuachana na mfupa. Tungule (nyanya) usitie, wala ndimu. Ukali wao huchelewesha mizizi kulainika, na baadaye ndio unaokata tui. Anayetaka ndimu ataikamulia kwenye sahani yake.

Wakati nyama iko motoni, shughulika na muhogo. Sokoni mwombe muuzaji akuvunjie ncha. Muhogo mzuri hukatika kwa mlio na ndani ni mweupe mtupu. Ukiona vijistari vya buluu au vyeusi, umeshakaa. Muhogo huanza kuharibika ndani ya siku mbili tatu tangu kung'olewa, kwa hivyo nunua siku ile ile ya kupika. Ukiona madoa makavu ya kahawia, magumu kama kizibo, huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ule ambao wakulima wetu wa Zanzibar walipewa mbegu za muhogo ziitwazo Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui mwaka 2007 ili kuukabili. Sehemu yenye madoa haiivi hata ukeshe nayo. Ikate uitupe.

Menya maganda yote mawili, la nje la kahawia na la ndani nene, upasue katikati uutoe ule uzi mgumu. Mie huupwaza kwanza kwa dakika kumi katika maji yake mbali, nikayamwaga, ndipo nikautia kwenye supu. Na hapa naomba unisikilize vizuri: ukiuonja ulioiva ukasikia uchungu, usiule na usijaribu kuuficha kwa nazi. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na tui haliiondoi.

Majimbi ndiyo yaliyomuumiza baba, basi sipiti haraka hapa. Ndani ya jimbi mna chembe kali mfano wa vijisindano, hazionekani kwa macho, na ndizo zinazowasha mikono na koo. Yamenye yakiwa makavu, mikono umeipaka mafuta ya kula. Ukiyaosha kwanza ukamenya yakiwa na maji, utajikuna mpaka usiku. Baada ya kumenya ndipo uyaoshe, uyakate vipande vya ukubwa mmoja, uyatokose peke yake katika maji mengi yenye chumvi. Maji yale mwaga, usiyaonee huruma. Shangazi alinionyesha namna ya kujua kama limeiva: alichukua kipande, akakibonyeza kwa mgongo wa kijiko. Kilipopasuka, katikati palikuwa na kijiduara cheupe kilichong'aa, na pembeni pamekuwa kijivu kama majivu yaliyolowa. "Hili bado," akasema, akakirudisha. Dakika ishirini baadaye akabonyeza chengine, kikaachia chote, rangi moja ndani na nje. Tangu hapo sipakui jimbi bila kulibonyeza hivyo, hata nikiwa na wageni barazani na adhana imekaribia.

Majimbi yakiiva yaweke pembeni. Muhogo uliopwazwa uingie kwenye supu ya nyama, uchemke karibu nusu saa. Maji yakipungua ongeza ya moto, usitie ya baridi. Ndizi mbichi zifuate dakika kumi baadaye. Mbatata, ukipenda, ziwe za mwisho, na mie siku hizi siziweki kabisa. Zinachafua mchuzi na ladha yake inapotea kwenye nazi.

Nazi mbili kavu zinatosha. Kuna, kamua tui zito la kwanza, yaani kasimile, liweke mbali. Chicha itie maji ya vuguvugu ukamue tena, upate tui jepesi. Muhogo ukishakuwa laini, mimina lile jepesi, rudisha majimbi, tia bizari nyembamba na pilipili mbuzi nzima juu. Iangalie isipasuke, maana ikipasuka watoto hawatakula. Moto uwe mdogo, sufuria iwe wazi. Dakika kumi za mwisho ndipo kasimile liingie, nawe usiondoke. Usikoroge kwa mwiko ukauvunja muhogo. Shika masikio ya sufuria kwa kitambaa uitikise polepole. Likianza kutokota pembeni tu, epua. Tui zito likichemka kwa nguvu hukatika, na likishakatika halirudi.

Jambo moja watu wengi hulisahau. Chakula kilichoungwa nazi hakilali kwenye joto letu. Ukikiacha mezani mpaka daku utakikuta kimechacha. Kabla ya kumimina tui, mie hutoa bakuli kubwa la muhogo na supu, likishapoa nikalitia kwenye friji. Daku nalipasha moto mpaka lichemke, nakatia kitunguu na pilipili, nakamua ndimu ninavyotaka, kwa kuwa hapo hamna tui la kukatika.

Siku ile shangazi alipopika, baba alikula jimbi lote lililokuwa kwenye sahani yake. Kisha akanisogezea bakuli, akauliza kama limebaki jengine.