Kaya yetu ina mlango

Mhariri, wiki iliyopita mlituuliza wasomaji: "Kijijini kwenu nani anayelinda urithi na mazingira, na anawezaje?" Mimi ni mtu wa Kinondo, kusini mwa Diani, Kaunti ya Kwale, pwani ya Kenya. Kwetu kazi hiyo ni ya wazee wa kaya, pamoja na kikundi chetu kidogo ambacho wao hukituma.

Kwa asiyefahamu, kaya ni msitu uliokuwa boma la wahenga wetu Wamijikenda. Wazee husimulia kwamba walipokimbia vita kutoka Shungwaya, nchi yao ya kale huko kaskazini, walijificha misituni, wakazika fingo, ndiyo kinga yao, na kujenga nyumba katikati. Watu walipotoka kwenda kulima nje, makaburi na fingo vilibaki, basi hakuna aliyethubutu kupeleka shoka. Kaya Kinondo ni hekta 30 hivi tu, imebanwa na mashamba, viwanja na hoteli. Ukiwa barabarani huwezi kuijua. Lakini ukiingia, joto hukuacha mlangoni. Miti imesimama juu ya mwamba wa matumbawe, mizizi imepenya kwenye nyufa ikitafuta udongo, na mbega wanakutazama kutoka juu.

Mwaka 2008 UNESCO iliweka baadhi ya misitu ya kaya, na Kinondo imo, katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka uliofuata mila za kaya nazo ziliandikwa kuwa urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Wengi hushangilia tangazo la kwanza. Mimi la pili ndilo lililonigusa, kwa sababu msitu unaweza kubaki umesimama hali hakuna tena ajuaye kuuingia.

Maana kuingia kuna adabu yake. Mgeni, awe wa Nairobi au wa Ulaya, hufungwa kaniki nyeusi kiunoni kwanza. Kisha huambiwa asichume wala kuokota kitu, hata jani kavu, na walio wapenzi wasibusiane humo. Nimeona watu wazima wakirudisha kijiwe walichokwisha kutia mfukoni, bila ya kulazimishwa na mtu. Ada wanayolipa ndiyo inayowapa vijana wetu wanaowatembeza riziki yao, nao wamejifunza majina ya miti ambayo mimi kwa umri wao sikuyajua.

Kuna siku tulikuta kisiki kibichi, utomvu bado unatoka. Aliyekata alikuwa kijana wa hapa hapa, anamjengea mamake jiko. Wazee walimwita, na swali la kwanza halikuwa kwa nini umekata. Aliulizwa, "Uliingia kwa mlango upi?" Kijana akanyamaza, kwa kuwa alipenya ubavuni kama mwizi na yeye mwenyewe alilijua hilo. Alitozwa mbuzi. Lakini baada ya kikao tulibaki tukijiuliza: jiko la mama lijengwe na nini? Ndipo kikundi kikaanza kitalu cha mivinje. Mvinje hukua haraka na miti yake ni mizuri kwa kujengea, na anayehitaji sasa anajua pa kwenda. Kwangu mimi kitalu kile kimeilinda kaya kuliko bango lolote.

Tisho kubwa halina shoka. Miaka michache nyuma mama mmoja aliyekuwa akitafuta mbuzi wake alikuta bikoni mpya, alama za mpaka wa kiwanja, zimepigwa ukingoni mwa msitu. Mtu alikuwa na hati ya ardhi hiyo, sijui aliipataje. Kaya ni turathi ya taifa iliyo chini ya Makavazi ya Taifa, na sheria hiyo ndiyo iliyotusaidia mpaka bikoni zikang'olewa. Hata hivyo sheria haikuziona bikoni. Aliyeziona ni yule mama, akaja mbio kutuambia kabla hata ya kumpata mbuzi. Kaya nyingine za pwani hii ya kusini zimeshapoteza ardhi kwa hoteli, na haitarudi.

Wapo wanaotuambia kaya ni ushirikina. Sisi Wadigo, Wamijikenda wa upande huu wa kusini, wengi ni Waislamu, nami naswali swala zangu tano. Babu yangu aliswali pia, na akaheshimu makaburi ya wazee wake, na hakukata mti uliosimama hapo. Sijaona alikosea wapi. Asiyetaka kuhudhuria sadaka ya mvua tunamwachia imani yake, tunamwomba tu asikate mti, na wengi wanakubali.

Linalonikosesha usingizi ni umri. Wazee wanaojua kila njia na kila kituo ndani ya msitu wamebaki wachache, na wanapougua tunahesabu vidole. Mwaka huu tulimwomba mmoja wao awachukue wavulana watatu na msichana mmoja, awapitishe polepole, asubuhi baada ya asubuhi, awatajie majina. Kijana mmoja akatoa simu ili ayaandike. Mzee akamshika mkono, akamwambia ayaseme kwanza mara tatu kwa mdomo, halafu ndiyo aandike.