Uliza Fundi: Spandeksi hupimwa kwa urefu, si kwa ukali wa mvuto

Barua za safari hii karibu zote zinahusu nyuzi zinazonyumbuka: spandeksi tupu, spandeksi iliyovikwa nailoni, na lastiki ya kawaida. Tumeanza na swali lenye mambo mengi zaidi, kwa sababu jibu lake linasaidia hata wengine.

Tunafuma jezi (kitambaa chepesi cha kufumwa) ya pamba na spandeksi kwenye mashine ya duara ya kipenyo cha inchi 30, geji 24 (sindano 24 kwa inchi), yenye fida 90, yaani sehemu 90 za kulishia uzi. Unene wa uzi wa pamba ni namba 30, kitanzi kimoja kinakula uzi wa mm 3.0, spandeksi ni denia 20 (denia ni kipimo cha unene wa uzi). Kila asubuhi napima mvutano wa spandeksi kwa kipimo cha mkono na fida zote zinasoma karibu 3 cN (sentinyutoni, kipimo cha nguvu). Hata hivyo roli za kitambaa zinatofautiana upana, wakati mwingine kwa sentimita 6. Nikaze wapi? — Msimamizi wa zamu, Thika

Usikaze popote kwanza. Kipimo cha mkono kina kazi yake, ila kwa spandeksi tupu kinakupa picha ya nusu tu. Uzi wa pamba haurefuki sana, kwa hiyo ukivutwa zaidi kidogo kipimo kinaruka na unajua. Spandeksi hurefuka mara tano au zaidi ya urefu wake kabla ya kukatika. Ukiitoa kwenye mvuto wa mara 2.8 ukaipeleka mara 3.2, kwa denia 20 mvutano unabadilika kwa chini ya 1 cN. Kitambaa kitaiona tofauti hiyo vizuri kabisa, wakati mkono wako na msuguano wa kipimo chenyewe vinaweza kuimeza.

Ndiyo maana mashine ya duara hailishi spandeksi kwa mvutano, inalisha kwa urefu. Bobini inalala juu ya rola mbili zinazozungushwa na belti. Uzi unatoka kwa kasi ya uso wa rola, iwe bobini imejaa au imebaki nusu. Sindano kwa upande wake zinachukua urefu mkubwa zaidi ya huo, na tofauti hiyo ndiyo inayounyoosha uzi. Mafundi huiita drafti: urefu wa pamba inayoingia kwa mzunguko mmoja, gawanya kwa urefu wa spandeksi inayotolewa na rola kwa mzunguko huohuo.

Kwa mashine yako hesabu ni hii. Sindano ni 30 × 24 × 3.14, yaani kama 2,260. Zidisha kwa kitanzi cha mm 3.0, unapata mita 6.78 za pamba kwa kila fida kwa mzunguko. Ukitaka drafti ya 3, rola itoe mita 2.26. Kwa uzito, spandeksi itakuwa kama asilimia 3.6 ya kitambaa. Ukishuka hadi drafti 2.5 inakuwa kama asilimia 4.3, kwa hiyo mwenye kununua spandeksi naye ana sababu ya kuijua hesabu hii.

Kuhakiki hakuhitaji chombo cha bei. Weka alama ya chaki kwenye rola, zungusha mashine polepole mzunguko mmoja kamili, hesabu rola limezunguka mara ngapi. Tuseme kipenyo cha rola ni mm 30: mzingo wake ni mm 94.2, na mizunguko 24 inakupa mita 2.26. Ukipata 23 badala ya 24, drafti imeshafika 3.1. Rudia hesabu hiyo mwanzo wa zamu na tena baada ya saa mbili mashine ikiwa imepata joto.

Namba ikibadilika kati ya vipimo hivyo viwili, mtuhumiwa wa kwanza ni belti ya spandeksi. Belti iliyolegea, yenye mafuta au iliyokwisha meno huteleza. Ikiteleza asilimia 5 tu, drafti ya 3 inakuwa 3.16 na kitambaa kinabana. Mtuhumiwa wa pili ni gurudumu la kurekebishia kasi: likijaa vumbi la pamba kati ya vipande vyake, kipenyo kinachofanya kazi si kile ulichokisoma kwenye namba. Wa tatu watu humsahau: pamba yenyewe. Fundi wa zamu ya usiku akirefusha kitanzi hadi mm 3.1 bila kugusa spandeksi, drafti imepanda ingawa hakuna aliyeigusa. Ukigusa pamba, piga hesabu ya spandeksi upya papo hapo.

Angalia pia umbo la kasoro. Upana wa roli nzima ukibadilika, tatizo ni la pamoja: belti, gurudumu, joto la chumba au bobini zilizobadilishwa zote. Mstari mmoja unaojirudia ni wa fida moja. Kwa fida 90, kitambaa kikiwa na mistari 25 ya mlalo kwa sentimita, mstari wa fida mbovu utarudi kila sentimita 3.6. Pima umbali huo kabla hujafungua spana.

Kwa uthibitisho wa mwisho, kata kipande cha kitambaa kibichi ambacho hakijapita stenta (mashine ya kutuliza kitambaa kwa joto), hesabu safu 100 za wima, fumua mstari mmoja wa mlalo. Pamba ikinyooshwa iwe karibu sm 30, na spandeksi ikiachwa ilale yenyewe iwe karibu sm 10. Mara nyingi itazidi kidogo, kwa kuwa uzi uliokaa umevutwa haurudi wote. Linganisha fida kwa fida, usiishike namba hiyo kama msumari. Na usifumue kitambaa kilichopita stenta kwa kipimo hiki: joto la karibu nyuzi 190 kwa sekunde 30 hadi 45 limekwisha kuipa spandeksi urefu mpya.

Shikamoo fundi. Spandeksi tupu inakatika mara kwa mara, halafu mkia wake unajizungusha kwenye rola mpaka tunaukata kwa wembe. Tumeongeza kasi ya rola ili uzi ulegee kidogo, ikawa mbaya zaidi. — Fundi mwanafunzi, Morogoro

Marahaba. Mlilegeza mahali ambapo tayari palikuwa pamelegea. Kati ya rola na sindano kuna puli na vielekezi. Kimoja kikikwama, uzi unakuwa na hali mbili kwa wakati mmoja: mbele ya kizuizi umekaza kupita kiasi, nyuma yake, upande wa rola, umelegea. Ule wa mbele unakatika. Ule wa nyuma hauna nguvu ya kujibandua kwenye rola, kwa hiyo unalifuata linapozunguka. Ukiongeza kasi ya rola unazidisha ulegevu huo.

Ukali wa msuguano huu watu wengi hawauamini mpaka waone hesabu. Uzi ukipinda robo mzunguko juu ya kitu kisichozunguka chenye mgawo wa msuguano wa 0.3, mvutano unaotoka ni mara 1.6 ya ulioingia. Pinda mbili za namna hiyo, mara 2.6. Kizuizi kikichafuka na msuguano ukafika 0.5, pinda moja pekee inatoa mara 2.2. Kwa hiyo spandeksi tupu ipite juu ya puli zinazozunguka, si matundu ya kauri yaliyosimama, na kamwe isipitishwe kwenye kikazio cha diski au springi kilichotengenezwa kwa ajili ya pamba.

Anza na puli ya mwisho, ile iliyo karibu kabisa na sindano. Ipulize kwa mdomo: puli nzima huzunguka kwa pumzi. Ikisita, toa vumbi la pamba kwenye ekseli kwa kibano. Usitie mafuta, maana mafuta na vumbi hutengeneza gundi. Kisha futa rola za fida kwa kitambaa kisichotoa manyoya. Spandeksi hupakwa mafuta ya silikoni kiwandani, na mabaki yake hujenga ngozi inayonata. Tazama pia bobini yenyewe: mahali palipokuwa na kibandiko cha kushikia ncha, menya tabaka za juu mpaka uzi utoke safi. Baada ya hayo yote rudisheni kasi ya rola ilipokuwa.

Wembe nao uacheni. Mkwaruzo mmoja kwenye rola utashika uzi kila ukipita.

Kila tukirudi kutoka chakula cha mchana kitambaa kina mstari wa kukatiza. Spandeksi imeoza au? — Dar es Salaam

Haijaoza. Uzi ulioachwa umenyooshwa hupoteza sehemu ya nguvu yake ya kujivuta kadiri unavyokaa, kwa hiyo kile kipande kilichokuwa kati ya rola na sindano kinaingia kitambaani kikiwa dhaifu. Lakini kipande hicho ni kifupi, kinaisha ndani ya mzunguko mmoja. Mstari wenu ukiwa mpana kuliko kitambaa kinachotoka kwa mzunguko mmoja wa mashine, msiisingizie spandeksi: tazameni belti inayosita wakati wa kuwasha, au breki inayoiacha mashine ikizunguka baada ya fida kusimama. Na pangeni roli iishie saa ya chakula, mstari uangukie mahali pa kukata.

Natengeneza soksi. Uzi wa lastiki uliovikwa nailoni unaingia kwenye ukosi wa juu. Soksi mbili za jozi moja, moja inabana mguu, nyingine inateremka. Nimefunga kikazio cha springi lakini wapi. — Nairobi

Hapa kanuni inageuka. Kwenye jezi, kila fida inakula urefu uleule mzunguko baada ya mzunguko, ndiyo maana tunalisha kwa urefu. Mashine ya soksi haili hivyo: ukosi una matumizi yake, mguu yake, na kisigino kinafumwa kwa kwenda na kurudi huku kasi ikibadilika. Kulisha kwa urefu uliofungwa kungekata uzi au kuumwaga. Soksi hulishwa kwa mvutano usiobadilika, na uzi uliovikwa unavumilia njia hiyo, kwa sababu nailoni inaweka mpaka wa kunyooka. Ukifika kwenye mpaka huo mvutano unapanda ghafla, nawe utausikia kwa vidole.

Kikazio cha springi hakisawazishi, kinaongeza tu. Uzi ukitoka kwenye koni na mvutano wa 2 cN, chenyewe kikaongeza 3, unapata 5. Koni ikikaribia kwisha na uzi ukatoka na 4, unapata 7. Soksi ya kushoto ilifumwa koni ikiwa imejaa, ya kulia ikiwa imebaki ganda. Fida ya kielektroniki ina gurudumu lenye mota yake na kihisi kwenye mlango wa kutokea: mvutano ukipanda, mota inaongeza kasi na kutoa uzi zaidi, ukishuka, inapunguza. Kwa soksi za kuuza dukani, tunaona ni gharama inayofaa.

Ukiipata, anza chini kisha panda kwa 0.5 cN kila hatua, ukifuma soksi tatu kwa kila hatua. Ziache zipumzike usiku mzima, ndipo upime upana wa ukosi ukiwa umenyooshwa. Soksi iliyotoka mashineni sasa hivi haijatulia. Na kama hatua ya kupandisha kasi kutoka ukosi kwenda mguu ni ya ghafla, igawe: hata mota nzuri huhitaji muda kidogo kuufikia uzi.

Kwa sasa, kama fedha haijapatikana, toa kikazio, weka koni wima chini ya kielekezi chake, na usifume koni mpaka ganda. Jozi zitakaribiana zaidi.

Tuna makatoni ya spandeksi ya loti mbili, moja ilikaa godauni Mombasa tangu mwaka jana. Tuchanganye ili iishe? — Mnunuzi

Hapana. Loti mbili zinaweza kuwa na denia ileile na bado zikajivuta tofauti au kushika rangi tofauti, na mistari itaonekana baada ya kupaka rangi, fedha ikiwa imekwisha kutumika. Fumeni loti ya zamani peke yake, kwanza roli moja ya majaribio. Bobini zikae kwenye chumba cha kufumia saa 24 kabla ya kupandishwa, na mzibadilishe zote kwa pamoja: tabaka za ndani za bobini zimebanwa kuliko za nje, kwa hiyo bobini mpya kando ya iliyokaribia kwisha huleta mstari hata zikiwa za loti moja.

Mimi ni mshonaji tu, Kariakoo. Kiuno cha sketi nikikishona kwa ovaloki, lastiki inajikunja upande mmoja na kunyooka upande mwingine.

Unaivuta kwa mkono, na mkono huchoka. Kama ovaloki yako ina kifaa cha kulishia lastiki chenye rola na skrubu, kaza skrubu hadi lastiki itoke fupi kuliko kitambaa kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho. Kama haina, gawa. Kiuno cha sm 80, kata lastiki ya sm 68 pamoja na nyongeza ya kuunganishia, iunge iwe duara, kisha weka alama nne kwenye lastiki kila sm 17 na nne kwenye kitambaa kila sm 20. Bana alama kwa alama kwa pini. Shona robo moja moja, ukivuta lastiki mpaka kitambaa kilale bapa, si zaidi, na utoe pini kabla haijafika kwenye kisu.