Kabla hujakodi ndege ya zamani ya kupiga picha za ramani, inama uione tumboni

Mpima ardhi mmoja kijana wa hapa Mwanza aliniletea mkataba niupitie. Anataka picha za anga za mwambao, kuanzia Ilemela hadi ng'ambo ya Sengerema, na amepata Cessna 421 kwa bei ya saa iliyomfurahisha. "Kaka, bei hii si nzuri?" Nikamuuliza kama amekiona kioo cha tumboni, lile dirisha la chini ambalo kamera hupigia picha. Hakuwa amekiona, na mkataba wenyewe haukukitaja popote.

Cessna 421 zilitengenezwa Marekani kuanzia 1967 hadi 1985, kwa hiyo hata iliyo changa kuliko zote imefikisha miaka 40. Ina injini mbili za pistoni zenye tabo, yaani pampu za kuzisukumia injini hewa, na kabini inayojazwa hewa. Kwa kazi yetu, hewa hiyo ndiyo mali. Ukiruka futi 20,000, picha moja inachukua eneo kubwa na mistari ya kuruka, yaani njia za kwenda na kurudi juu ya eneo, inapungua, huku ndani mkikaa kama watu walio futi 6,000 au 8,000, kutegemea toleo la ndege. Nimewahi kufanya kazi hiyo kwenye ndege isiyojazwa hewa. Kufikia saa ya tatu na barakoa ya oksijeni usoni, nilikuwa nakosea namba za mistari niliyoichora mwenyewe.

Sasa, kwenye ndege ya kawaida fundi hutoboa sakafu, kamera ikachungulia chini, basi. Kabini yenye hewa haikubali tundu wazi. Lazima tundu lizibwe kwa kioo kinene kilichosawazishwa kwa ajili ya kamera, na fremu yake iimarishwe, kwa sababu bodi hutanuka na kunywea kila safari. Kazi hiyo ina karatasi zake: nani aliibuni, mamlaka gani iliidhinisha, lini ilikaguliwa mara ya mwisho. Usipoonyeshwa karatasi hizo, ondoka. Hapo mimi sina mjadala.

Hata kioo halali kinaweza kukuangusha. Mimi nilipoteza kazi ya siku mbili. Chini uwanjani kioo kilikuwa safi kabisa. Tulipanda watu wanne, tunapumua, tunaongea, na nje kuna baridi ya kugandisha. Kufikia mstari wa tatu upande wa ndani ulikuwa umeshika ukungu mwembamba, kama gilasi ya maji ya baridi. Kwenye skrini ndogo, jua likiwa linawaka dirishani, sikuuona. Usiku nilipozifungua picha, Ukerewe ilionekana kama iko nyuma ya pazia. Ndege hiyo hunywa lita 150 hivi kwa saa, na mafuta yaliyokwisha kuungua harudishi mtu. Tangu siku hiyo nadai bomba la hewa ya moto lielekezwe kwenye kioo, na mstari wa kwanza ukiisha nakuza picha moja hadi nione kingo za mabati ya nyumba. Zisipokuwa kali, hatuendelei.

Mafuta yatafute kabla ya ndege. Injini hizi zinatumia avgas, petroli ya ndege yenye rangi ya buluu, wakati ndege kubwa za abiria zinazotua Mwanza zinatumia Jet A-1, mafuta ya jamii ya mafuta ya taa. Avgas ikija kwa mapipa, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Ikiwa safi, itakauka na kupotea. Ikiwa imechanganyika na Jet, itaacha doa la mafuta kama karatasi iliyofungiwa maandazi. Fanya hivyo mbele ya mwenye mapipa bila kuona haya. Injini iliyojazwa mafuta yasiyo yake inaweza kuwaka vizuri kwa mabaki yaliyomo kwenye mabomba, kisha ikazima mkiwa ndiyo kwanza mnapanda.

Jambo lingine: usimharakishe rubani wakati wa kushuka. Injini za 421 zina gia kati yake na propela, na hewa ya kabini inatoka kwenye tabo zilezile. Akipunguza nguvu ghafla, gia zinaumia, silinda zinapoa kwa pupa, na hewa ya ndani inaweza kushuka. Akisema anahitaji nusu saa, iweke kwenye bajeti. Muulize pia fundi tarehe ya ukaguzi wa eksozi. FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ilitoa agizo mwaka 2000 kuhusu eksozi za Cessna za injini mbili zenye tabo, kwa sababu ikivuja, moto unaelekea kwenye bawa.

Ziwa nalo lina ratiba yake. Radi hupiga majini usiku hadi alfajiri, mawingu hupanda nchi kavu mchana, nawe unafanya kazi katikati. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua linakuwa utosini kati ya saa sita na nusu na saa saba, na maji yanarudisha mng'ao moja kwa moja kwenye kamera. Panga mistari ili kila picha iguse nchi kavu au kisiwa, maana picha ya maji matupu haina alama ambayo programu ya kuunganisha picha itaishika.

Kijana alikwenda uwanjani na tochi. Kioo kina mkwaruzo mrefu pembeni, na karatasi za tundu ameambiwa "zinatafutwa". Nimemwambia asitie saini, na fedha ya utangulizi asiitoe.