Mtungi mmoja au pacha?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi ni mpiga mbizi wa kawaida tu, natumia mtungi mmoja wa alumini wa lita 11, na kila tukishuka mita 18 mimi ndo wa kwanza kuonyesha ishara hewa inaisha, wenzangu bado wana nusu. Sasa wawili kati yao wamehamia mitungi pacha, yaani miwili iliyounganishwa mgongoni, na wananiambia ndo dawa yangu. Ninunue? Mgongo wangu pia unasumbua kidogo.

JIBU: Ndugu yangu, usinunue, angalau sio kwa sababu hiyo. Tupige hesabu kwanza. Lita 11 kwa presha ya baa 200 (baa ni kipimo cha presha, juu ya maji ni kama baa 1) ni hewa lita 2200, ukiacha baa 50 za akiba unabaki na lita 1650 hivi. Mtu anayevuta lita 20 kwa dakika akiwa juu, kule mita 18 presha ni baa 2.8 kwa hiyo anakula lita 56 kwa dakika, anapata kama dakika 30. Wewe inaonekana unavuta 25 au zaidi, ndo maana unawahi kupanda. Hapo tatizo ni pumzi zako, na mara nyingi chanzo ni risasi nyingi kiunoni, yaani vile vipande vizito vya madini vya kukuzamisha, miguu inaning'inia, unapiga mapezi muda wote ili usizame. Rekebisha hayo kwanza, na kama bado haitoshi kuna mtungi mmoja wa lita 15, unaongeza hewa zaidi ya theluthi bila kubadilisha vifaa vingine.

Halafu ukishuka mita 30 hadithi inageuka kabisa, manake kule jedwali za muda wa kuzamia kwa hewa ya kawaida zinakupa kama dakika 20 tu kabla nitrojeni ya hewani iliyoingia mwilini kwa presha haijakulazimisha kusimama njiani wakati wa kupanda, na mtungi mmoja wa lita 12 kwa mvutaji wa kawaida unafikisha muda huo huo hivi. Sasa ukiwa na pacha hewa ipo tele, geji ya hewa inakuchekea, unapitiliza na hujafundishwa kupanda kwa vituo. Hapo ndo naogopa pacha mikononi mwa mtu asiye na mafunzo.

Pacha ina kazi yake kubwa lakini, na sio hewa nyingi, ni kuwa na njia ya pili. Kila mtungi una valvu yake na regyuleta yake, kile kifaa cha kupumulia, na katikati kuna bomba la kuunganisha lenye valvu ya kutenganisha. Regyuleta moja ikianza kumwaga hewa unafunga upande ule unapumua wa pili. Ila lazima mkono ufike nyuma ya kichwa ukiwa umevaa suti nene na uzungushe valvu bila kuangalia, na ujue valvu ya kushoto ikisuguana na dari ya pango huku unasonga mbele inaweza kujifunga yenyewe. Kama huwezi kuzifikia basi umebeba mzigo tu wa kupigia picha, na watu wa hivyo wapo wengi sana sitawataja.

Mgongo sasa. Pacha ya chuma ya lita 12 ikijaa inafika kilo 35 na zaidi, chini ya maji huisikii lakini ngazi ya boti utaisikia. Ukija kuhitaji kweli njia ya pili, uliza kuhusu kuvaa mitungi ubavuni, unaivalia ukiwa tayari majini mmoja mmoja na valvu ziko kifuani unaziona. Au chupa ndogo ya lita 3 yenye regyuleta yake, kwa mita 20 au 30 za kawaida inakutosha kupandia.

Ukitaka kuonja pacha, kodi, nenda na mwalimu kwenye maji mafupi, na kama ni ya chuma punguza risasi kabla hujaruka, kwa sababu chuma chenyewe kinakuvuta chini na jaketi la kujaza hewa la mtungi mmoja halina nguvu ya kukubeba.