Kompresa ya kufunga kwenye mkonga: uliza lita kwa psi 30, tanki achana nalo kwanza

Mkuu umeuliza ufunge kompresa gani ya kujaza upepo matairi kwenye mkonga wako (Land Cruiser hardtop) kwa ajili ya safari za Ziwa Natron na Eyasi, na fundi kakupa njia tatu: ya umeme ya pistoni moja, ya pistoni mbili pamoja na tanki, au kugeuza kompresa ya AC ianze kupiga upepo. Mimi nimeendesha gari za watalii Arusha muda mrefu na mkonga wangu una kompresa imekaa chini ya siti ya abiria, kwa hiyo nakujibu kwa nilichotumia na nilichoona kwa wenzangu.

Ya AC tuimalize haraka. Upepo inatoa mwingi kweli, hapo fundi hajakudanganya, lakini kompresa nyingi za AC za gari zetu zinapata oili inayozunguka na gesi humohumo kwenye mfumo. Ukitoa gesi ukaweka hewa ya kawaida oili hairudi tena, inakauka inajisaga mpaka inakwama, na ukisema uwe unaiongezea oili basi sehemu ya hiyo oili inaishia ndani ya tairi, ambako raba na oili havipatani. Wanaofanya hivyo vizuri wanatafuta kompresa za AC za zamani aina ya York zenye sampu (bakuli) yake ya oili, sasa hiyo kuipata huku, kuichongea breketi na kupanga mkanda ukae sawa ni mradi mwingine kabisa. Na joto la Mto wa Mbu saa nane mchana bila AC unalijua.

Zinabaki za umeme, na hapa ndipo watu wanaibiwa na maandishi ya kwenye boksi. Lita kwa dakika unazosoma pale mara nyingi ni za kompresa isiyosukuma kitu, yaani psi 0 (psi ni kipimo cha presha ya upepo). Tairi lako halina psi 0. Chukua tairi la 265/75R16, ndani linabeba kama lita 75. Umeshusha hadi 18 kwa ajili ya mchanga, sasa umefika lami unataka 36, hiyo ni psi 18 za kuongeza. Zidisha 75 kwa 18 gawa kwa 14.7 (ndiyo presha ya hewa ya kawaida kwa psi) unapata kama lita 92 za hewa ya nje kwa tairi moja, kwa manne ni karibu lita 370. Kompresa ndogo ya ARB ya pistoni moja inaandikwa kama lita 62 kwa dakika ikiwa haina mzigo, ukiiweka kwenye psi 30 hivi inashuka kwenye 45 na kitu. Kwa hiyo ni kama dakika nane za kazi yenyewe, ongeza muda wa kuhamisha hozi na kuhesabu ng'ombe wa Wamasai wanaopita. Ile ya pistoni mbili inatoa kama 130 kwenye presha hiyohiyo, dakika tatu umemaliza.

Sasa swali ni je hizo dakika tano unazookoa zinakustahili? Kwa gari moja ya kwako, mimi nasema hapana. Kwa gari ya watalii iliyorefushwa, yenye wageni saba wanaotaka kufika loji kabla ya giza, au kama wewe ndiye mwenye kompresa na nyuma kuna gari nyingine tatu zinakungojea, hapo funga pistoni mbili na usijiulize. Pia angalia uwezo wa kufanya kazi bila kupumzika. Ile ndogo ni asilimia 50, yaani muda iliofanya kazi ndio muda unaoipumzisha, kubwa ni asilimia 100. Matairi yako manne inayamaliza vizuri ila ukianza kusaidia msafara mzima itajizima yenyewe kwa joto, na haijaharibika, inajilinda tu, msianze kuifungua na bisibisi.

Kama unanunua ya jina usilolijua usibishane na muuza duka, omba mjaribu hapohapo. Tairi la spea lishushwe hadi 18, washa kompresa, shika saa ya simu mpaka 36. Ikitumia dakika mbili hivi ni lita 45, ikitumia sita ni lita 15 haijalishi boksi limeandika nini. Na yoyote inayochomekwa kwenye tundu la sigara ujue fyuzi ya pale kwa kawaida ni ampea 10 au 15, haiwezi kuwa na nguvu ya maana.

Tanki. Hili ndilo linauzwa sana na ndilo ningelitoa kwenye bajeti yako. Tanki la lita 5 likijaa psi 150, upepo unaoweza kuutumia kwenye tairi la psi 36 ni kama lita 39. Hujafikisha hata nusu ya tairi moja, halafu kompresa inaanza upya kujaza tairi na tanki pamoja. Tanki lina faida kama unataka mpigo wa ghafla, mfano tairi limetoka kwenye rimu unataka likae tena, au kupuliza vumbi. Difuloku za upepo (za kufunga difu ili matairi yote mawili ya ekseli yazunguke pamoja) nazo hazihitaji tanki, zinatumia hewa kidogo sana. (Na kwa wanaopuliza ea klina, puliza kutokea ndani kwenda nje na presha ndogo, nimeona karatasi zimetobolewa na mtu bado anasema imesafishika.)

Pesa ya tanki iweke kwenye waya. Pistoni mbili inavuta ampea 50 na kitu, na kutoka betri hadi chini ya siti na kurudi unaweza kufika mita 8 za waya. Ukitumia milimita 6 za mraba unapoteza volti zaidi ya moja njiani, kompresa inazunguka kivivu, inapata joto, na watu wanalaumu mashine. Tumia 16. Halafu chunguza hiyo waya, kuna za aluminiamu zilizopakwa shaba zinauzwa kwenye maduka ya muziki wa magari, nene kwa macho lakini hazipitishi umeme kama shaba. Kwangua kwa kisu, ndani ikiwa nyeupe rudisha. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, sio karibu na kompresa, maana inalinda waya isichome gari. Swichi ya dashibodi iendeshe rilei tu (swichi ya umeme inayobeba mzigo mkubwa), na ukijaza upepo injini iwe inawaka.

Wenye gari za Japani za volti 24 muwe makini, kuna mafundi wanachukua volti 12 kwenye betri moja kati ya mbili. Inafanya kazi, ila betri moja inaliwa na nyingine inachajiwa kupita kiasi mpaka zote zinakufa. Nunua kompresa ya volti 24, zipo.

Pa kufunga: chini ya boneti ni karibu na betri ila kuna joto la injini na vumbi la Natron lile jepesi kama unga, kwa hiyo kifilta cha kompresa kipandishe juu kwa hozi. Chini ya siti ni pakavu na pa baridi, kelele utavumilia, sana sana ukiwa nje unajaza husikii. Chini ya bodi usikubali hata kwa ofa, kuna makorongo ya kuvuka na udongo mweusi wa Ndutu ukinyesha. Hozi inayotoka kwenye kompresa iwe ile ya kusukwa kwa chuma angalau nusu mita ya kwanza, hewa inatoka ya moto, bomba la plastiki linalainika linachomoka.

Kwa hiyo kwako wewe pistoni moja ya kueleweka, bila tanki, chini ya siti. Ila hujasema mkonga wako ni wa volti ngapi na una tairi za saizi gani, kama umevaa 7.50 hesabu inapungua kidogo. Weka picha ya chini ya siti pia, kuna gari nyingine jeki imekaa palepale na itabidi ihame kwanza.